Mcheza Kwao Hakutuzwa

(Hotuba iliyosomwa na katibu mwenezi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, uliohudhuriwa pia na akina mama na vijana. Mkutano uliitwa kuzungumzia ombi la wasichana kuhusu uwanja wa tawi. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



Najua leo ni siku ya gulio, na wengi wenu mmeacha shughuli zenu ili kuja hapa. Sitawachosha kwa maneno mengi yasiyo na kazi.

Nimeletwa na karatasi moja ya daftari. Karatasi hii imeandikwa na wasichana wa tawi hili. Wanaomba uwanja wa tawi kwa siku mbili katika juma, jioni ya Jumanne na jioni ya Alhamisi. Wanaomba pia fungu katika mfuko wa michezo, wapate mipira miwili na nauli ya kwenda kucheza na wenzao. Ombi hili limefika mbele ya kamati mara mbili, na mara mbili limeahirishwa. Katibu wa tawi ameniambia kwamba wajumbe wamegawanyika mafungu matatu. Wako wasemao kwamba mpira si mchezo wa mtoto wa kike. Wako wasemao kwamba hawana ubaya na wasichana, ila fedha hazitoshi. Na wako wasemao kwamba msichana mwenye kipaji cha kweli atafika tu, tawi litie mkono au lisitie.

Sikuja kutoa amri. Mambo ya tawi huamuliwa na wanachama wa tawi, na mimi hapa sina kura. Nimekuja kuwasimulieni maisha ya mwanamke mmoja aliyefanya mpira kuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkisha kusikia, mtapima wenyewe.

Mwanamke huyo ni Marta Vieira da Silva wa Brazili. Duniani kote humwita Marta tu, wala hakuna anayeuliza Marta yupi. Amechaguliwa mara sita kuwa mchezaji bora wa kike wa dunia: mwaka 2006, 2007, 2008, 2009 na 2010 mfululizo, kisha tena mwaka 2018. Katika Kombe la Dunia amefunga mabao 17, na hayupo mtu mwingine, mwanamume kwa mwanamke, aliyefika hesabu hiyo kabla yake. Mwanamume aliyekuwa akiongoza, Miroslav Klose wa Ujerumani, alikomea mabao 16.

Mkisikia hayo mtasema: basi kweli, kipaji hufika. Ngojeni kwanza. Mti mnauona umesimama. Nataka niwaonyesheni mizizi yake ilipopita.

Ndugu zangu, Brazili ilijitawala mwaka 1822. Ni nchi huru ya siku nyingi kuliko nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Bendera ni yao, serikali ni yao. Lakini mwaka 1941 serikali ya Getúlio Vargas ilitoa amri ya michezo, amri nambari 3199. Kifungu cha 54 cha amri hiyo kilisema kwamba wanawake hawaruhusiwi kucheza michezo isiyopatana na maumbile yao. Na mwaka 1965, nchi ikiwa chini ya wanajeshi, baraza la michezo la taifa likaondoa shaka yote: likataja mpira wa miguu kwa jina lake, wa uwanjani, wa ukumbini na wa ufukweni, kwamba ni haramu kwa wanawake. Makatazo hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1979. Hesabuni wenyewe: miaka 38.

Katika miaka hiyo hiyo wanaume wa Brazili walitwaa Kombe la Dunia mara tatu, mwaka 1958, 1962 na 1970. Watoto wa nchi nzima waliimba majina yao. Na katika nchi hiyo hiyo, msichana akipiga mpira hadharani alikuwa anavunja amri ya serikali.

Mimi na ninyi twajua nini maana ya kuambiwa kwamba kitu fulani si cha watu wa namna yenu. Babu zetu waliambiwa kwamba kujitawala hakupatani na maumbile ya Mwafrika. Waliambiwa hayo na watu wenye elimu, kwa maneno ya upole, na yakaandikwa katika vitabu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba jambo fulani halipatani na maumbile ya mtu mwingine, mimi huuliza kwanza: ni nani anayesema, na yeye anapata faida gani?

Sheria ikifutwa, mazoea hayafutiki siku hiyo hiyo. Marta alizaliwa tarehe 19 Februari, 1986, miaka saba baada ya makatazo kuondolewa, katika mji mdogo wa Dois Riachos, jimbo la Alagoas. Hilo ni eneo la kaskazini-mashariki ya Brazili, lenye ukame na umaskini. Baba aliondoka nyumbani Marta akiwa mchanga. Mama yake akabaki na watoto wanne wa kuwalisha, na Marta ndiye kitinda mimba.

Alianza kucheza na wavulana mtaani. Mpira ukikosekana walikunja mifuko wakaifunga ikawa mpira, kama watoto wetu wanavyofunga matambara na kamba. Alicheza kuliko wavulana wengi, na hapo ndipo fitina ilipoanza. Kaka zake hawakupenda. Majirani walisema. Katika barua aliyoiandika mwaka 2017 ameeleza kwamba katika mashindano ya wavulana, mwalimu wa timu moja alitishia kuiondoa timu yake ikiwa msichana ataruhusiwa kuingia uwanjani. Mwaka uliofuata, wenye mashindano wakamwambia asirudi.

Alipofika umri wa miaka 14, mwaka 2000, alipanda basi peke yake kwenda Rio de Janeiro kujaribiwa katika klabu ya Vasco da Gama. Safari hiyo ilichukua siku tatu. Mama zangu, wapimeni binti zenu wa miaka 14, kisha mfikirie siku tatu ndani ya basi kwenda kwenye mji usiomjua mtu. Alijaribiwa na mwalimu mwanamke, Helena Pacheco, na akachukuliwa. Angalieni hapo: kipaji kilikuwapo tangu Dois Riachos, lakini kilihitaji mlango, na mlango ulihitaji mtu wa kuufungua. Lau Vasco wasingekuwa na timu ya wasichana mwaka ule, basi lile lingemrudisha kwao, na leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Timu ya wasichana ya Vasco ilifungwa. Marta akahamia klabu ndogo katika jimbo la Minas Gerais. Mwaka 2003, akiwa na miaka 17, alicheza Kombe la Dunia la wanawake huko Marekani na kufunga mabao matatu. Hapo ndipo dunia ilipomwona. Na aliyemwita kazini alikuwa mgeni wa mbali: klabu ya Umeå ya Uswidi, kaskazini kabisa, mji ambao wakati wa baridi jua huonekana saa chache tu. Mwaka 2004 msichana wa nchi ya jua kali akaenda kuishi kwenye theluji, bila kujua lugha ya wenyeji, kwa kuwa huko ndiko alikolipwa mshahara wa kucheza.

Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutuzwa. Marta alicheza kwao hakutuzwa. Akaenda kutuzwa Uswidi.

Akiwa na Umeå alichukua kikombe cha Ulaya mwaka 2004, na ubingwa wa Uswidi miaka minne mfululizo, 2005 hadi 2008. Mwaka 2007, katika michezo ya nchi za Amerika, alicheza fainali mjini Rio katika uwanja wa Maracanã mbele ya watu zaidi ya elfu sitini. Brazili iliifunga Marekani mabao 5 kwa 0. Nyayo zake zikachapwa pale uwanjani pamoja na nyayo za mabingwa wa kiume, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwenye kutazama siku ile angesema kwamba mambo yamekwisha kuwa mazuri.

Hayakuwa mazuri. Mwaka 2009 alikwenda Marekani, ligi mpya ya wanawake ilipoanzishwa, akachezea Los Angeles Sol. Alikuwa mfungaji wa kwanza wa ligi nzima. Msimu ulipokwisha mwenye mali akajitoa, mwingine hakupatikana, na mwezi Januari 2010 klabu ikafa. Akahamia FC Gold Pride, wakatwaa ubingwa mwaka 2010. Mwezi Novemba mwaka huo huo klabu hiyo nayo ikafa, kikombe kikiwa bado kabatini. Akahamia Western New York Flash, wakatwaa ubingwa mwaka 2011. Safari hii ilikufa ligi yenyewe, mwaka 2012.

Kwao nako? Alikuwa amechezea Santos, klabu yenye jina kubwa, kwa muda mfupi kati ya misimu ya Marekani, na mwaka 2009 walichukua pamoja ubingwa wa kwanza wa vilabu vya wanawake vya Amerika ya Kusini. Mwaka 2012 Santos wakaifunga timu yao ya wanawake, na haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2015.

Akarudi Uswidi, katika klabu ya Tyresö iliyokusanya wachezaji hodari kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2012 wakawa mabingwa. Mwezi Mei 2014 wakafika fainali ya vilabu vya Ulaya mjini Lisbon. Marta alifunga mabao mawili, wakashindwa na Wolfsburg wa Ujerumani kwa mabao 4 kwa 3. Majuma machache baadaye klabu ikajitoa katika ligi kwa sababu ya madeni.

Ndugu wanachama, hesabuni nami kwa vidole. Vasco ilifungwa. Los Angeles ilikufa. Gold Pride ilikufa ikiwa bingwa. Ligi ya Marekani ilikufa. Santos ilifungwa. Tyresö ilianguka siku chache baada ya fainali ya Ulaya. Je, Marta alikuwa anacheza vibaya? Alikuwa mchezaji bora wa dunia! Lau kipaji peke yake kingetosha kusimamisha timu, timu hizo zingesimama mpaka leo.

Zilianguka kwa kuwa hazikuwa na nguzo. Nyingine zilimtegemea tajiri mmoja, naye alipochoka zikachoka pamoja naye. Nyingine zililipa wachezaji wakubwa fedha ambazo kiingilio cha mlangoni hakikuweza kuzirudisha. Nyingine zilikuwa tawi dogo la klabu ya wanaume, na siku klabu ilipobana matumizi, tawi hilo ndilo lililokatwa kwanza. Mtu aliyejenga tawi la chama anaijua habari hii vizuri. Tawi linalotegemea mfuko wa mtu mmoja si tawi. Ni hisani ya mtu huyo. Tawi la kweli ni lile lenye wanachama wanaolipa ada yao hata ikiwa ndogo, lenye daftari, lenye kamati inayokutana, na lenye mtu wa kushika ufunguo mwenyekiti akisafiri.

Nitawapa mfano mwingine, wa penalti mbili.

Mwaka 2007 huko China, Marta alicheza Kombe la Dunia ambalo watu bado wanalizungumza. Alifunga mabao saba. Katika nusu fainali Brazili iliifunga Marekani mabao 4 kwa 0. Akachaguliwa mchezaji bora na mfungaji bora wa mashindano. Lakini katika fainali mjini Shanghai, Brazili ikiwa nyuma kwa bao moja, Marta alipiga penalti na golikipa wa Ujerumani, Nadine Angerer, akaidaka. Mchezo ukaisha mabao 2 kwa 0. Timu ile iliegemea mguu mmoja, na siku mguu ule ulipokosa, timu nzima ilikosa.

Miaka 18 baadaye, tarehe 2 Agosti, 2025, mjini Quito, Brazili ilicheza fainali ya Amerika ya Kusini na Kolombia. Marta, sasa mama mtu mzima wa miaka 39, aliingia kutoka benchi mwishoni mwa mchezo, kisha timu yake ikawa nyuma matatu kwa mawili. Dakika za nyongeza zikiwa zinakwisha alisawazisha kwa shuti la mbali. Katika muda wa ziada akafunga tena. Kolombia nao wakasawazisha, ikawa nne kwa nne, wakaenda kwenye penalti. Marta akapiga yake, akakosa! Kama Shanghai vile vile. Lakini safari hii wenzake walipiga zao, na golikipa wao, Lorena, akaokoa za Wakolombia. Brazili ikatwaa kikombe. Mtu ni yule yule na kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba nyuma yake palikuwa na watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole cha bingwa.

Hao watu wa nyuma yake walitoka wapi? Hawakudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2019, katika Kombe la Dunia la Ufaransa, Marta aliingia uwanjani na viatu vyeusi visivyo na alama ya kampuni yoyote. Kampuni zilizotaka kumvisha zilimpa fedha asizoziona kuwa haki, zikipimwa na wanazopewa wanaume, naye akakataa. Badala ya alama ya biashara akaweka alama ya usawa, mistari miwili kama ile ya hesabu. Alipofunga bao akaonyesha kiatu chake kwa kidole. Wachezaji wengi husema maneno makubwa baada ya kustaafu, wakati hawana tena cha kupoteza. Huyu alisema akiwa kazini, na akaacha fedha mezani.

Brazili ikatolewa na Ufaransa katika mashindano hayo, mabao 2 kwa 1. Baada ya mchezo, Marta alisimama mbele ya kamera machozi yakimlengalenga. Hakumlaumu mwamuzi. Aliwageukia wasichana wa nchi yake akawaambia kwamba yeye hatakuwapo milele, wala wenzake wakongwe Formiga na Cristiane. Mchezo wa wanawake unawategemea wao ili uishi. Na kwamba walie mwanzoni, kwa kazi na mazoezi, ili mwishoni wacheke. Mimi kama mwalimu nimesikia hotuba nyingi za wakubwa. Chache zilinifundisha kama ile ya dakika mbili.

Na kanuni zikaanza kubadilika. Kuanzia mwaka 2019, vilabu vya ligi kuu ya wanaume ya Brazili vilitakiwa viwe na timu ya wanawake, la sivyo visicheze. Mwezi Septemba 2020 shirikisho la mpira la nchi likatangaza kwamba wachezaji wa timu ya taifa, wanawake kwa wanaume, watalipwa posho sawa. Mwaka 2024 Brazili ikachaguliwa kuandaa Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2027. Nchi iliyokataza kwa miaka 38 ndiyo iliyoomba kuwa mwenyeji.

Marta mwenyewe alipata nyumba isiyobomoka. Tangu mwaka 2017 amekuwa na Orlando Pride ya Marekani. Mwaka 2022 aliumia goti vibaya, akakaa nje karibu mwaka mzima, na klabu ilimngoja. Tarehe 23 Novemba, 2024, akiwa kapteni mwenye miaka 38, aliinua kikombe cha ubingwa wa ligi baada ya kuwafunga Washington Spirit bao 1 kwa 0. Na bao hilo, ndugu zangu, lilifungwa na nani? Lilifungwa na Barbra Banda, binti wa Zambia, jirani yetu hapa!

Sasa narudi kwetu, kwenye karatasi hii ya daftari.

Kwa wale wasemao mpira si mchezo wa mtoto wa kike, sina maneno mengi. Wenye amri ya mwaka 1941 walisema hivyo hivyo, na leo hakuna wa kuwatetea. Mzazi mwenye wasiwasi juu ya mavazi, au juu ya binti kurudi nyumbani usiku, ana haki ya kusikilizwa, na mambo hayo yana dawa: akina mama wawili wa tawi wawe walezi wa timu, na mazoezi yaishe jua likingali juu. Wasiwasi wa mzazi huondolewa kwa mpango mzuri, si kwa kufunga uwanja.

Kwa wale wasemao fedha hazitoshi, nakubali kwamba hazitoshi. Hazijapata kutosha hata siku moja tangu tawi hili lianzishwe. Lakini nimeomba kuona daftari la mfuko wa michezo. Hakuna humo hata senti moja iliyokwenda kwa wasichana. Na nusu ya ada ya mfuko huo imetolewa na akina mama. Basi neno la haki si kwamba fedha hazitoshi. Neno la haki ni kwamba chache zilizopo zimegawiwa upande mmoja.

Kwa wale wa tatu, wasemao kwamba kipaji kitafika chenyewe, nina jibu moja la kunihusu mimi. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilichaguliwa kuwa mshika vifaa vya michezo. Tulikuwa na mipira mitatu, mmoja ukiwa wa wasichana. Yalipokaribia mashindano, mipira ya wavulana ikapasuka, nami nikachukua ule wa wasichana nikawapa wavulana. Nilisema ni kwa juma moja. Juma likawa muhula. Wasichana walikuja jioni tatu au nne wakakaa kwenye nyasi, kisha hawakuja tena. Miongoni mwao alikuwamo mmoja ambaye hata wavulana walimwogopa akiwa na mpira. Hakuna aliyemkataza kucheza. Hapakuwa na amri wala kifungu. Palikuwa na kijana mmoja mwenye ufunguo wa kabati, na kijana huyo ni mimi. Kipaji cha yule dada hakikufika popote, na leo anafundisha hesabu, kazi njema, lakini mpira aliuacha pale kwenye nyasi. Ninalikumbuka jambo hilo kila ninaposikia neno kuahirisha.

Na msidhani nchi yetu haina watoto wa kufika. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakafika robo fainali. Dada zao, Twiga Stars, walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 huko Afrika ya Kusini. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2025 huko Moroko. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miaka 15. Je, katika miaka hiyo wasichana wenye miguu hodari hawakuzaliwa? Walizaliwa. Mipira yao ilikuwa kabatini.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo haya, na kamati iyatie katika maandishi. Uwanja uwe wa wasichana Jumanne na Alhamisi, na zamu hiyo ibandikwe ukutani ofisini ili mtu yeyote asije kuibadilisha kwa mdomo. Fungu la wasichana katika mfuko litajwe kwa kiasi chake na liandikwe katika ukurasa wake. Ufunguo wa kabati ushikwe na watu wawili, mmoja wao awe msichana waliyemchagua wenyewe. Na kila baada ya miezi mitatu habari ya timu isomwe mbele ya mkutano huu, pamoja na hesabu, kama inavyosomwa habari ya shamba la tawi.

Simwahidi mtu kwamba hapa atatoka Marta. Pengine hatatoka. Wengi katika wasichana hawa watakuwa wakulima, wauguzi, walimu na mama wa nyumba. Lakini watakuwa watu waliofundishwa na tawi lao kufika kwa wakati, kutunza fedha za wenzao, kushindwa bila matusi, na kusimama nyuma ya mwenzao aliyekosa penalti. Chama kinachotafuta wanachama wa namna hiyo hakina budi kuanza kuwalea mapema.

Waandishi wa karatasi hii wako pale nyuma, karibu na mlango. Nimewaona wamekuja na mpira wao mmoja, umeshonwa mara tatu. Wamesimama tangu mkutano ulipoanza. Nawaomba wazee walioko mbele wasogee kidogo, wasichana wapate mahali pa kukaa. Kisha, Ndugu Mwenyekiti, nakuomba usiliahirishe jambo hili kwa mara ya tatu. Waulize wanachama, nao wainue mikono.

Umoja ni nguvu!